Karamu ya Uthibitisho Uliovunjika

Baba mkwe wangu alikuwa mtu wa reli. Alistaafu akiwa mpiga ishara katika stesheni ya Kipkelion, na hata baada ya kustaafu aliendelea kuvaa kama anayesubiri gari moshi lipite: koti la buluu, vifungo vyote vimefungwa, kofia mkononi. Hakuwa msemaji. Nilipokwenda kuposa binti yake aliniuliza swali moja tu, nafanya kazi gani. Nikasema nafundisha hesabu shule ya upili upande wa Bomet. Akatikisa kichwa kukubali, na mambo mengine yote akawaachia wazee wenzake.

Katikati ya miaka ya tisini nilipata likizo ya masomo, nikarudi chuo kikuu kusomea shahada ya uzamili. Mke wangu alibaki nyumbani na watoto wetu wawili, ng'ombe, na shamba dogo la majani chai. Alichuma asubuhi, akabeba kikapu mgongoni mpaka kituo cha kununulia chai, akapanga foleni, akarudi kukama. Mimi wakati huo nilikuwa nimekaa maktabani, nikitafuta kama kitu fulani kipo au hakipo.

Nieleze kidogo, maana bila hivyo aibu yangu haitaeleweka. Chukua waya uliovutwa kati ya nguzo mbili. Ukiutundikia uzito unapinda, kisha unatulia, na kuna mlinganyo unaosema utatulia katika umbo gani. Katika milinganyo ya kawaida kila kipande cha waya kinajali majirani zake wa karibu tu. Mlinganyo wangu haukuwa hivyo. Ndani yake, ugumu wa waya pale unapougusa ulitegemea jinsi waya wote ulivyonyooshwa, kutoka nguzo hadi nguzo. Huwezi kujua habari za kipande kimoja bila kujua za waya mzima, wala za waya mzima bila kujua za kila kipande. Milinganyo ya aina hiyo mara nyingi haikupi jibu la kuandika kwenye karatasi. Unachoweza kufanya ni kuthibitisha kwamba jibu lipo. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu.

Njia yangu ilikuwa hii. Nilitengeneza majibu ya kukisia, moja baada ya jingine, kila moja likiwa bora kidogo kuliko lililotangulia. Nikaonyesha kwamba makisio hayo yanaelekea kwenye umbo fulani. Kisha nikatangaza: umbo hilo ndilo jibu, kwa hiyo jibu lipo. Msimamizi wangu alikuwa mtu mchangamfu, mwenye wanafunzi wengi kuliko muda wake. Alipitia kurasa zangu akiwa amesimama mlangoni, akanipiga bega. "Kazi safi. Peleka ichapwe."

Nikampelekea mpiga chapa nje ya lango la chuo. Yeye alipiga maneno kwa taipureta akiniachia nafasi, nami nikajaza alama za hesabu kwa mkono, kwa kalamu nyeusi, nikiwa na furaha ya mtu anayepaka rangi nyumba yake mwenyewe. Nikamwandikia mke wangu kwamba Alhamisi fulani ningeitetea tasnifu mbele ya watahini, na baada ya hapo nimemaliza. Ndivyo nilivyoandika: nimemaliza. Yeye akamwambia baba yake, na baba yake, ambaye hakuwahi kumwita mtu yeyote kwake kwa sherehe isipokuwa harusi za binti zake, akaalika watu Jumapili ya wiki ile ile.

Alhamisi ilifika. Mtahini wa nje alikuwa mama wa makamo aliyevaa sweta ya kijani, mwenye sauti ya chini kiasi kwamba watu wote chumbani waliinama kumsikia. Alikuwa ameweka kipande cha karatasi kwenye ukurasa mmoja tu wa tasnifu yangu.

"Hapa," alisema, "umechukua kikomo, lile umbo la mwisho, ukakiingiza ndani ya ugumu wa waya. Kwa nini inaruhusiwa?"

"Kwa sababu makisio yanaelekea kwenye umbo la mwisho," nikajibu.

"Yanaelekea kwa namna gani?"

"Kwa namna hafifu," nikasema; ndivyo hesabu inavyoita kukaribiana kwa jumla bila kukaribiana kwa kila undani.

"Sawa. Na urefu wa makisio hayo?"

Sikuelewa swali mara moja. Akainuka, akachukua chaki, akachora ubaoni mstari wenye mawimbi. Chini yake akachora mwingine wenye mawimbi madogo zaidi na mengi zaidi, na chini ya huo mwingine, mpaka mawimbi yakawa kama meno ya msumeno mwembamba.

"Ukisimama mbali," alisema, "huu wa mwisho unauona umenyooka. Lakini ukiupima, urefu wake ni ule ule wa mstari wa kwanza. Umbo linaelekea kwenye mstari ulionyooka. Urefu hauelekei kwenye urefu wa mstari huo. Na ugumu wa waya wako unategemea urefu. Sasa nakuuliza tena, kwa nini inaruhusiwa?"

Hapo nikaelewa. Nilielewa kikamilifu, kama mtu anayeona gari likimjia. Makisio yangu yangeweza kutulia kwa sura huku yakificha mawimbi ndani yake, na mlinganyo ambao umbo la mwisho lingeutimiza ungekuwa mwingine, si wangu. Uthibitisho wangu ulivunjika mahali pale pale ambapo mlinganyo wangu ulikuwa tofauti na milinganyo ya kawaida. Yaani nilikuwa nimeshinda kila kitu isipokuwa jambo lenyewe.

Ningepaswa kusema, "Mama, hairuhusiwi, nimekosea." Badala yake nikaanza kuongea. Nilisema katika hali yangu mawimbi hayawezi kutokea. Nilisema ugumu niliouchagua ni wa namna ya pekee. Nilisema hilo nimelieleza katika sura iliyotangulia.

"Ukurasa upi?" aliuliza, bila ubaya wowote.

Nikafungua tasnifu, nikaanza kupekua. Nilijua hakuna ukurasa kama huo. Nilipekua hata hivyo, mbele, nyuma, mbele tena, kidole kikishuka kwenye mistari kana kwamba kinatafuta, na chumba kizima kikanisubiri. Msimamizi wangu aligeuza uso akaangalia dirishani. Nadhani nimesahau mengi ya mwaka ule, lakini sauti ya karatasi zile zikigeuzwa sijaisahau.

Mama yule ndiye aliyeniokoa. "Basi," alisema kwa upole, "tuseme ukurasa huo haupo kwa sasa."

Waliniambia kazi haijatupwa, ila nadharia kuu haina uthibitisho. Nirudi nikaufanye, kama unafanyika.

Nilifika nyumbani Ijumaa jioni. Mke wangu alikuwa amenyoosha suti yangu kwa pasi ya makaa na kuitundika mlangoni. Aliniona uso akaacha kutabasamu.

"Imekuwaje?"

Nikamweleza. Sikutumia maneno mengi. Alisikiliza akiwa bado ameshika pasi, kisha akaiweka chini.

"Kwa hivyo jibu haliko?"

"Labda liko. Mimi ndiye sijaonyesha kwamba liko."

"Na baba ameshaita watu," alisema. "Mpaka pasta. Mpaka wale wa kutoka Londiani."

Hakukuwa na simu ya kumpigia, na Jumamosi mtoto wetu mdogo aliamka na homa kali, tukashinda naye zahanati. Tulikubaliana tutoke Jumapili mapema, tumfikie mzee kabla ya wageni. Mke wangu alisema yeye ndiye atakayesema. Nikamwambia hapana, ni kazi yangu. Nilikuwa bado na ujasiri kwa sababu Kipkelion ilikuwa bado mbali.

Tulipofika, wageni walikuwa wamejaa. Turubai lilikuwa limefungwa kati ya nyumba na ghala la mahindi, moshi wa nyama ulikuwa ukipanda, na akina mama walikuwa wamesimama kwenye njia ya kuingilia boma. Waliponiona wakapiga vigelegele. Mama mkwe akatokea na kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kuganda yanayowekwa mkaa wa mti, ambayo mtu hupewa akirudi kutoka safari ya heshima. Nikanywa. Ningefanyaje? Mtu hakatai mursik mkononi mwa mama mkwe.

Kisha nikamwona mzee akija, koti lake la buluu, na mikononi ameshika sinendet. Ni mmea unaotambaa, na kwetu Wakipsigis huvishwa shingoni mtu aliyeshinda jambo. Alikuwa ameukata mwenyewe asubuhi ile. Majani yalikuwa bado na umande.

"Baba," nikamwambia kwa sauti ya chini, "kuna neno nataka tuongee kwanza. Kando kidogo."

"Hiyo maneno tutaongea baada ya kula," akasema. Alikuwa anatabasamu. Sikuwa nimewahi kumwona akitabasamu mbele ya watu. "Inama."

Nikainama. Akanivisha. Vigelegele vikapanda tena, na mke wangu, aliyekuwa amesimama nyuma yangu na mtoto mgongoni, akaangalia chini.

Wanaojua adabu zetu watanielewa nikisema hakuna mtu unayemwogopa kama baba wa mke wako. Humkatizi, humgusi, humvuti kando kama mwenzako. Hizo ndizo sababu nilizojipa nilipokuwa nimekaa chini ya turubai, majani yakinikuna shingo, nikisikiliza maombi. Zilikuwa sababu za kweli, lakini hazikunituliza.

Pasta alihubiri kwa Kiswahili, kwa kuwa majirani wengi walikuwa wamehamia kutoka upande wa Kisii na kwingineko. Alipomaliza akasema, "Sasa ndugu mwalimu atatueleza kwa kifupi, na sisi tuelewe. Amekuwa akitafuta nini huko kwa vitabu?"

Nikasimama. Nikaeleza waya na nguzo mbili. Nikaeleza kwamba kila kipande kinategemea waya mzima. Watu walisikiliza vizuri. Mzee mmoja akasema ni kama ua la zizi la ng'ombe, ukitikisa mti mmoja lote linatikisika. Nikaona ninaeleweka, na kwa muda mfupi wa aibu kabisa nikafurahia kuongea.

"Na jibu ukalipata?" pasta akauliza.

"Hatutafuti jibu lenyewe," nikasema. "Tunatafuta kuonyesha kwamba jibu liko."

Watu wakacheka, si kwa ubaya. Mama mmoja akasema kwa sauti, "Yaani miaka yote hiyo ni kujua kama liko tu?" Wakacheka zaidi, na mimi nikacheka nao.

"Haya," pasta akasema, akinyoosha mkono kuwatuliza. "Na je, liko?"

Nilimtazama mzee. Alikuwa amekaa mbele kabisa, kofia magotini, akinisubiri nijibu kama mtu anayesikiliza gari moshi kwa mbali. Nikaona kwamba nikisema liko, hakuna mtu pale wa kunipinga. Hapakuwa na sweta ya kijani chini ya turubai lile.

"Sijui," nikasema. "Nilidhani nimeonyesha. Alhamisi wakaniambia nimekosea, na ni kweli nimekosea. Sijamaliza. Sijapata shahada."

Hakuna aliyecheka. Nilijaribu kuivua sinendet, lakini ilikuwa imenasa kwenye kola ya suti, nikabaki nikiivuta kama ng'ombe anayepambana na kamba. Mke wangu akaja, akaifungua kwa vidole vyake taratibu, akaishika.

Mzee alisimama. Nilidhani ataingia ndani. Akageukia watu, akasema, "Chakula iko tayari. Karibuni mle." Kisha akaenda mwenyewe kuwaelekeza wazee kwenye maji ya kunawa, mmoja mmoja, akimwagia kila mmoja mikononi. Aliwahudumia wageni wake mpaka wa mwisho. Kwangu hakuja. Sikula nyama ile; niliigeuza kwenye sahani mpaka ikapoa na mafuta yakaganda.

Jioni alitusindikiza mpaka njia ya reli. Alitembea mbele, sisi nyuma. Tulipofika mahali pa kuvukia akasimama.

"Ulijua tangu Alhamisi," akasema.

"Ndio, baba."

"Na mimi nikakwambia uinamishe shingo."

"Ndio, baba."

"Na ukainama."

Nilitaka kumwambia kwamba nilijaribu, kwamba alinikatiza, kwamba mtoto alikuwa mgonjwa. Yote yalikuwa kweli, na yote yalikuwa kama kule kupekua kurasa. Akamshika mtoto kichwani kumbariki, akarudi alikotoka.

Mke wangu hakunilaumu siku ile wala baadaye, na hilo lilikuwa gumu kubeba. Ila wiki moja au mbili baadaye, alipotoka kituo cha chai, alisema bila kunitazama, "Wanauliza kama profesa ameshapata kile kitu chake." Habari zilikuwa zimetoka Kipkelion zikafika Bomet kabla sijafua suti. Niliamua kwamba kuanzia siku hiyo mimi ndiye nitakayepeleka chai. Nikakaa kwenye foleni na kikapu changu, na walipouliza nikasema bado. Nilijifunza kusema neno hilo bila kuongeza lolote.

Likizo yangu ilikuwa bado ina muda. Mvua ndefu zilikuwa zimeanza, na kwetu mvua hunyesha mchana kana kwamba imeajiriwa, kwa hiyo asubuhi nilichuma na mchana nilikaa mezani karibu na dirisha. Kwa wiki nyingi nilikuwa ninatafuta njia ya kukwepa swali la mama yule. Nilitaka nadharia yangu ibaki kubwa kama nilivyoitangaza, iwe kweli kwa kila aina ya ugumu. Kila nilipoijenga ilianguka pale pale.

Nilipochoka kukwepa ndipo nilipolitazama swali lenyewe. Mawimbi madogo yanajificha wapi? Katika tofauti kati ya kisio na umbo la mwisho. Basi nikaichukua tofauti hiyo, nikauzidisha mlinganyo wenyewe kwayo, nikaona kinachobaki. Upande mmoja ulififia ukaisha. Upande wa pili ulibaki ugumu wa waya mara nguvu ya mawimbi. Ikiwa ugumu haushuki kamwe mpaka sifuri, ikiwa daima una chembe ya ukaidi ndani yake, basi mawimbi ndiyo lazima yafe. Na mawimbi yakifa, urefu unafuata umbo, na jibu lipo.

Ilikuwa mistari michache tu. Niliisoma nikifikiri nitafurahi. Badala yake uso ukaniwaka moto hapo mezani, peke yangu, mvua ikipiga mabati. Mistari michache! Kitu hicho kingeweza kuwa kwenye ukurasa ule ambao nilijifanya ninautafuta. Na sharti lililohitajika, kwamba ugumu usifike sifuri, ni sharti ambalo mwenye akili angelitaja tangu mwanzo. Mimi niliona ni udhaifu kulitaja. Waya uliolegea kabisa sikuwa na la kusema juu yake, na bado sina.

Nikaandika upya sura ile. Nadharia ikawa ndogo kuliko ya kwanza, ikasimama. Mtahini alituma neno kupitia msimamizi wangu kwamba sasa ameridhika, na kwamba sharti limewekwa mahali pake. Msimamizi akanipiga bega tena.

Kwa mzee sikujua nifanyeje. Mke wangu alikwenda kumwambia peke yake. Alirudi akasema baba yake amesikia. "Amesema nini?" nikauliza. "Amesikia," akarudia.

Baada ya muda alikuja mwenyewe. Kwa desturi zetu mkwe wa namna yake haji nyumbani kwa binti yake ovyo, na nilipomwona akipanda kati ya mistari ya michai, kofia mkononi, nilidhani kuna msiba. Alikaa, akanywa chai, akauliza habari za ng'ombe. Kisha akaniambia, "Nieleze tena ile ya waya. Lakini pole pole."

Nikamweleza. Aliuliza mawimbi ni nini, nikamchorea kama nilivyochorewa. Aliuliza kwa nini waya usilegee, nikamwambia ukilegea kabisa hesabu yangu haishiki tena, na labda kuna mtu atakayeonyesha siku moja, si mimi. Sidhani alielewa yote. Hakujifanya kuelewa. Alipomaliza chai akasema, "Sawa," akaaga. Nilimsindikiza mpaka barabarani nikitaka kuomba msamaha, na maneno nilikuwa nimeyapanga, lakini alianza kuzungumza juu ya bei ya mahindi, na mimi nikamjibu juu ya mahindi. Nadhani alijua nilichotaka kusema na hakutaka nikiseme.

Kwenye mahafali hakuja. Mama mkwe ndiye aliyekuja, akiwa na kibuyu ndani ya kapu, akanipa nikanywa nyuma ya ukumbi bila mtu kutuona. Hapakuwa na karamu. Mimi ndiye niliyeomba isiwepo, ingawa hakuna aliyekuwa ameipendekeza.

Kabla miaka ya tisini haijaisha tulikutana na mzee kwenye harusi ya jamaa, kule Sigor. Alikuwa amekaa na wazee wenzake, akaniita niwasalimie. "Huyu ni mwalimu," akawaambia, "mume wa binti yangu." Mmoja wao akanitazama, akakunja macho kama anayekumbuka.

"Si ndiye yule wa Kipkelion? Yule wa waya?"

"Ndiye," baba mkwe akasema, na hakuongeza neno, la kunitetea wala la kunishtaki.

Nikampa mzee yule mikono miwili. Aliishika kwa upole, akaendelea kuishika, akiniambia pole kwa masomo magumu, kana kwamba bado yamenishinda. Nami nikasimama pale nimeinama, nikingoja aniachilie.